Mbigili kwenye sinia la vasanu

Mtu aliyekulia Tanga hajui baridi. Anajua kipupwe, ule upepo wa Julai unaofanya watu wa Ngamiani watoe masweta yanayonuka dawa ya nondo na kulalamika mpaka saa nne asubuhi, jua likishapanda basi. Nilipokwenda kusoma Pune, India, kila mtu alinionya juu ya mvua zao na pilipili zao. Desemba hakuna aliyenitajia.

Pune imeinuka kidogo, kama mita 560 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba na Januari baridi hushuka hadi nyuzi 10, siku nyingine chini ya hapo. Nyumba zenyewe zimejengwa kukimbia joto: sakafu za mawe, dari ndefu, madirisha yasiyofunga sawasawa. Mwaka wa kwanza nilipata kikohozi kilichoanza kama mzaha, wiki ya tatu kikawa kinawaamsha majirani. Jirani wa kwanza kuchoka alikuwa mwenye nyumba wangu, bibi wa Kiparsi mjane aliyenipangisha chumba cha nyuma pale Camp, mtaa wa zamani wa jeshi la Waingereza. Jengo zima lilimwita Anti, nami nikamwita hivyo.

Alibisha hodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kafunga skafu kichwani, mkononi kikombe cha chai na kisahani. Chai yao ile ilikuwa imenishinda kuisahau tangu siku ya kwanza, kwa sababu huitia mchaichai na nanaa, na kwetu mchaichai unaota nyuma ya jiko. Kwenye kisahani kulikuwa na kipande cha kitu cha kahawia iliyokolea, ukubwa wa kiberiti, kinang'aa samli.

"Kula chote, dikra," akasema. Dikra ni mwanangu. "Halafu unywe chai. Halafu usitoke nje nusu saa."

Mimi nikatarajia halua. Utamu ulikuja kweli, na samli, na lozi, na iliki. Nyuma yake ukaja ukali wa tangawizi kavu ulioteremka mpaka kifuani. Kitu fulani kikapasuka chini ya meno kama bisi. Mwisho kabisa, nilipodhani mambo yamekwisha, ukaja uchungu wa mizizi uliokaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Nikamtazama. Akanitazama. Nikanywa chai.

Hiyo ndiyo vasanu. Waparsi wa Gujarati, jimbo la magharibi mwa India, na wa Mumbai huipika mara moja kwa mwaka, baridi inapoanza, ili iliwe kipande kimoja kila asubuhi mpaka joto la Machi litakaporudi. Kwa mwonekano ni kitamu. Kwa mpangilio wa kuliwa ni dawa, na Anti aliifungia kabatini pamoja na vidonge vyake vya presha.

Nitasema hapa hapa kwamba sijui kama ndiyo iliyoniponya. Kikohozi cha wiki tatu kina kawaida ya kuisha wiki ya nne. Anti hakuwa na shaka hata chembe, na mimi nilikuwa mpangaji.

Waparsi ni watu ambao wengi wetu tumewahi kuwasikia bila kujua tumewasikia. Ni Wazorostria, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, ambao mababu zao walitoka Iran zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakahamia pwani ya Gujarati. Lugha yao ya nyumbani ikawa Kigujarati, dini wakabaki nayo. Anti alikuwa mtu wa Navsari, mji mdogo ambako Jamsetji Tata alizaliwa mwaka 1839, ndiye mwenye jina lililoandikwa usoni mwa malori mengi ya kwetu. Kila Mparsi niliyemwambia natoka Tanzania aliniuliza Zanzibar, na nilijua swali linalofuata kabla hajavuta pumzi: Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Ukoo wake umechukua jina la Bulsar, mji jirani na Navsari, ambao siku hizi huitwa Valsad. Alisomea Panchgani, milimani, kama kilomita 100 tu kutoka Pune, kwa hiyo watu wa Camp wanamzungumzia kama mtoto wa mtaa wa pili. Nilichoka kueleza kwamba Tanga si Zanzibar. Mwishowe nikawa naitikia tu.

Kitu kilichonifanya nijisikie nyumbani kwa Anti hakikuwa Freddie. Jua likizama alikuwa akichukua makaa kwenye chetezo cha fedha, akatia ubani na vipande vya msandali, akapita nao chumba kwa chumba, pamoja na changu. Wao huuita lobān. Nikifumba macho, ni Ijumaa kwa mama.

Mwaka wa pili aliniambia mapema, mwezi wa Novemba: mkono wake wa kulia umechoka, vasanu inataka mkono, na mimi ninao miwili.

Kazi ilianzia dukani. Alinipa karatasi iliyoandikwa Kigujarati mbele na nyuma, akanituma kwa gandhi. Nilidhani ni mtu. Kumbe gandhi ni kazi: muuza viungo na mitishamba, na jina la ukoo la yule Mahatma limetoka huko huko. Duka lilikuwa jembamba, droo za mbao mpaka darini, mizani ya mawe, mzee ana miwani puani. Alipoisoma karatasi ile hakusema neno. Aliishika kama mfamasia anavyoshika cheti cha daktari, akaanza kufungua droo. Kuna mchanganyiko mmoja wa Gujarati unaoitwa batrisu, neno linalotokana na thelathini na mbili, idadi ya vitu vilivyomo. Karatasi ya Anti ilikuwa na ishirini na saba. Alikuwa na maelezo kuhusu vile vitano vilivyopungua, na mengi ya maelezo hayo yalimhusu wifi yake.

Tangawizi kavu, kungumanga, basibasi, iliki, hivyo nilivijua. Ganthoda, mizizi ya mmea wa pilipili ndefu, ina mafundo kama vidole vya mzee. Musli nyeupe, mizizi mingine, myembamba kama mishumaa ya keki. Mbegu za khaskhas. Unga wa singoda, tunda la majini lenye pembe linaloota kwenye mabwawa, ambalo hukaushwa na kusagwa. Kisha mzee akafungua droo ya chini, akachota kitu kwa kibati, akamwaga kwenye gazeti kikalia kama kokoto.

Nikainua kimoja. Kigumu kama msumari, miiba miwili mirefu na mingine midogo.

Mbigili.

Mbigili ile ile, sikufananisha. Mmea unaotambaa njiani na viwanjani, uliotoboa tairi la baiskeli yangu na nyayo zangu utoto mzima, na ambao kwetu mtu akiuona anauchuna na kuutupa mbali na njia. Hapa unaitwa gokhru, na mzee alikuwa anaupima kwa gramu, akitoa mbegu moja, akirudisha nusu. Nilisimama pale nacheka peke yangu. Jina lake la kitaalamu, nilipolitafuta kwenye simu, lilikuwa Tribulus terrestris, na maduka ya wanyanyua vyuma duniani kote yanauza vidonge vyake kwa bei ya kushangaza. (Tafiti nyingi zilizofanywa kwa binadamu hazijaona kama inapandisha homoni za kiume. Mwenye kutaka kununua anunue, lakini njiani kwetu zipo bure.)

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na kaucha, mbegu za kung'aa, nzuri, mtu angeweza kuzichezea bao. Nikazitia mfukoni pamoja na chenji. Nilipofika nyumbani nikatafuta na zenyewe: Mucuna pruriens. Upupu. Nilikuwa nimetembea na upupu mfukoni kutoka sokoni mpaka Camp. Nilivua suruali, nikanawa mikono mara tatu, Anti akaja mlangoni kuuliza maji yanaharibiwa kwa sababu gani. Alicheka mpaka akakaa. Kinachowasha, akasema, ni nywele za ganda la nje, na hizo huondolewa shambani; mbegu huchemshwa kwenye maziwa, ngozi ikamenywa, kisha husagwa. Baadaye nilisoma kwamba mbegu hizo kwa asili zina levodopa, ile ile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson hospitalini. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea, hata ikiwa haiwashi.

Kupika kulichukua siku mbili. Siku ya kwanza yote ilikuwa kuchambua, kuanika, kutwanga na kuchekecha. Lozi nusu kilo, pista, tende zile kavu ngumu kama mbao ambazo wao huziita kharek. Kila kitu kilikaangwa peke yake kwa samli na kutwangwa peke yake, kwa sababu kila kimoja kina muda wake wa kuungua. Nikauliza kama hatuwezi kutumia mashine. Tunaweza, akasema. Hakuongeza kitu, na kinu kikabaki mbele yangu.

Siku ya pili akatoa karai. Ndiyo, karai, neno ni lile lile. Samli kilo moja na ushei. Samli ikipata moto, ukitupia mkono mmoja wa gundar, yale matone makavu ya utomvu wa mgunga, yanafura na kupasuka meupe, mepesi, mara nne ya ukubwa wake. Hiyo ndiyo bisi niliyoisikia menoni mwaka uliopita. Masikio yangu yalikuwa yameshasikia "gundi" tangu duka la gandhi, na sikukosea sana: ni gundi inayoliwa, jamaa ya ile wanayofungia bahasha. Ndani ya tumbo haimeng'enywi. Inashuka mpaka utumbo mpana ikawe chakula cha bakteria wa huko. Anti alisema inapaka mafuta magoti. Sote wawili tulikuwa na uhakika.

Kisha unga wa singoda ukakaangwa mpaka ukanuka kama karanga. Kisha shira, ikachemka mpaka ukiichukua tone katikati ya vidole viwili na kuvitenganisha inavuta uzi. Kisha vyote pamoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinitafuta mwezi mzima kabla. Mchanganyiko ule ni mzito kama ugali wa msibani, nao haukubali kuachwa. Ukisimama hesabu ya kumi, chini unashika. Yeye alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, shali mabegani, akitia masala kijiko kwa kijiko na kuniamrisha.

"Usisimamishe mkono."

"Sijasimamisha, Anti."

"Unakaribia."

Nilikoroga kwa muda wa saa mbili na robo. Nilipofika mahali ambapo niliamini nitakufa ugenini, samli ikaanza kujitenga na kuchuruzika pembeni, mchanganyiko ukaacha karai kwa mkupuo mmoja, na Anti akasema tayari kabla hata hajauangalia. Alijua kwa sauti. Tukamwaga kwenye sinia mbili, tukasawazisha kwa mgongo wa bakuli, tukamwagia vipande vya lozi.

Ulipopoa akaukata, akaanza kugawa kwenye makopo. Moja la kaka yake Mumbai. Moja la binti yake, liende ndani ya sanduku mpaka Toronto. Moja langu. Moja lake. Akasimama na kisu. Akaniambia kwamba mama yake, pale Navsari, alikuwa akipika karai nne, wanawake saba jikoni, na makopo yalipakiwa kwenye treni kama mzigo wa biashara. Sikumjibu. Nilijua hesabu zilivyo: sensa ya India ya mwaka 1941 iliwakuta Waparsi 114,890, ile ya 2011 ikawakuta 57,264, ndani ya nchi ambayo watu wake waliongezeka zaidi ya mara tatu katika muda huo. Lakini hesabu ya jikoni ndiyo niliyoiona mimi. Vasanu ya karai nne inataka mikono saba. Karai moja ilihitaji mvulana wa Tanga.

Sasa kuhusu kopo langu. Niliishi siku hizo karibu na Watanzania wawili na Mkenya mmoja waliokuwa wamepanga ghorofa ya mtaa wa nyuma. Nikawapelekea waonje, nikawaambia ni chakula cha kuongeza nguvu. Nyinyi mnajua neno hilo linavyosikika likitua mbele ya vijana watatu. Mmoja akatafuta "musli" kwenye simu, akasoma kwa sauti, na kabla sijamaliza kueleza habari ya magoti na kikohozi, kopo lilikuwa limeshapita mikono yote. Nusu iliisha usiku ule. Gramu 100 za samli zina kalori kama 900, na wao walikuwa wamekula chakula cha wiki mbili cha bibi wa miaka sabini na minne. Sitaeleza yaliyotokea kuanzia saa nane za usiku. Choo kilikuwa kimoja.

Nilipomsimulia Anti hakucheka kama nilivyotegemea. Alisikitika kwa ajili ya vasanu. "Kipande kimoja," akasema, akanionyesha kwa kidole gumba. "Nguvu haiji siku moja. Ingekuwa inakuja siku moja ningekuwa napika kila siku?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko mambo mengi niliyofundishwa chuoni kule. Tangazo la dawa za nguvu lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme linakuahidi usiku wa leo. Vasanu inakuahidi Machi, na hata hiyo Machi haikuahidi kwamba utakuwa simba, inasema tu baridi itakukuta umesimama. Nikiulizwa mitishamba ile ishirini na saba inafanya nini, nitasema baadhi inafanya kitu na baadhi ipo kwa sababu bibi wa bibi aliitia. Samli, lozi na sukari kwa mzee anayekula kidogo, wakati wa baridi, kila siku bila kukosa, pamoja na mtu wa kumgongea mlango kuhakikisha amekula: hayo siyatilii shaka.

Wao wenyewe wana kinyume chake, kitu cha baridi hiyo hiyo kisicho na uzito wowote. Huko Udvada na Navsari, maziwa huchemshwa na sukari, yakaachwa nje usiku kucha chini ya umande, kisha alfajiri hupigwa mpaka yatoe povu, povu hilo huchotwa kwenye glasi na kunyunyiziwa kungumanga. Doodh na puff. Unakunywa hewa tamu. Jua likitoka halipo tena. Nililikuta mara moja tu, Anti aliponichukua kwenda Udvada, ambako moto wao mtakatifu mkuu unawaka tangu mwaka 1742. Yeye aliingia kusali. Mimi si wa dini yao na haturuhusiwi kuingia, nikabaki nje na glasi yangu.

Niliporudi nyumbani nilibeba masala ya gandhi kilo moja, gundar, na unga wa singoda uliowapa shida watu wa forodha. Upupu sikubeba. Nikangoja kipupwe, nikafikiri Julai ya Tanga itatosha kuwa baridi. Nikapika kwa sufuria ya mama na mwiko wa pilau, mama kakaa kwenye kibao kando ya mlango, kanga mabegani, ananiuliza hii sukari yote ni ya nani.

Haikufaa. Au tuseme iliiva sawasawa, lakini mwili haukuitaka. Siku ya tatu baba alitoka upele mdogo mdomoni, mimi usiku nalala nje ya shuka. Mama alionja kipande, akatafuna polepole, akasimama kwenye ule uchungu wa mwisho.

"Umetia nini humu?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye mbigili akaweka kipande chini.

"Mbigili hii ya kuchoma?"

Akakaa kimya kidogo, nikajua anapika kichwani. Kisha akasema hiki si chakula cha watu wazima wenye afya kukaa wanakila bure, hiki ni chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua, aliye ndani ya arobaini yake, ndiye anayetakiwa apashwe moto hivi. Sikuwa nimemwambia kwamba Wagujarati nao humpa mzazi mchanganyiko wa jamii hiyo hiyo. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa ameshasimama. Ondoa mizizi yako yote, akasema, na hiyo mbigili sitaki kuiona. Bakisha samli, lozi, tangawizi, hizo bisi zako. Tia pilipili manga. Punguza sukari, tia sukari guru.

Tukapika tena, yeye mwikoni, mimi kwenye kibao. Kopo likaenda nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa binti aliyejifungua wiki ile mtoto wa kwanza. Maagizo yakaenda nalo: kipande kimoja, asubuhi, na chai.

Baada ya siku kumi kopo likarudi, limeoshwa, ndani vitumbua vya moto, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Dada yake ndiye aliyekileta, na alikuwa na swali kutoka kwa mzazi: vile vitu vyeupe vinavyopasuka menoni ni nini?

"Gundi," mama akamjibu.

"Gundi?"

"Gundi. Inaliwa."

Msichana akaondoka. Hakufika mbali, maana nyumba zetu zimebanana na kila kitu kinasikika. Tukamsikia anatoa habari, kimya kidogo, kisha kicheko, kisha sauti ya mzazi mwenyewe kutoka dirishani, inatulenga sisi:

"Ndiyo maana mtoto kaganda kifuani haachii!"